Fuvu la Panya na Ulinzi wa Kambi: Funzo Kutoka Nchi za Kusini

Kabla ya mapambano yoyote, kamanda mwenye busara huuliza maswali matatu juu ya adui: ni nani, yuko wapi, na nguvu zake ni kiasi gani. Swali la kwanza ndilo lililo kubwa kuliko yote, kwa sababu jeshi lisilomjua adui wake humaliza risasi kwa kupiga vivuli.

Nchi zilizo kusini mwa Tanzania zimejifunza jambo hilo si katika medani ya vita peke yake, bali pia katika mapambano dhidi ya mnyama mdogo anayeingia katika kiganja cha mkono, naye ni panya shamba. Kwa miongo mingi ya karne ya 20, wataalamu wa afya na wa kilimo katika nchi hizo walidhani kwamba wanapambana na panya wa aina moja tu. Baadaye ikadhihirika kwamba aina ni mbili, zinazofanana kwa rangi, kwa mkia na kwa umbo, lakini zisizofanana katika jambo moja zito, nalo ni ugonjwa wa tauni. Namna aina hizo zilivyotenganishwa, na kazi iliyofanywa na fuvu la kichwa katika kuzitenganisha, ni habari inayowahusu wapiganaji na askari polisi kuliko inavyodhaniwa.

Tauni husababishwa na bakteria aitwaye Yersinia pestis, aliyegunduliwa na daktari Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Bakteria huyo huishi katika panya na wanyama wengine wenye kuguguna, na huenezwa na viroboto. Panya anapokufa, viroboto wake huuacha mwili unaopoa na kutafuta damu nyingine yenye joto. Ikiwa karibu pana mtu aliyelala chini, damu hiyo itakuwa yake. Baada ya siku chache mtu huyo hushikwa na homa kali, maumivu ya kichwa na mitoki, yaani uvimbe wenye maumivu makali kinenani, kwapani au shingoni. Ugonjwa ukifika mapafuni huweza kupita moja kwa moja kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine kwa njia ya kikohozi, na hapo mgonjwa asipotibiwa mapema ni nadra kupona.

Vita na tauni vimefuatana tangu zamani. Palipo na vita pana watu waliohama makwao, ghala zilizoachwa wazi, mashamba yaliyoota magugu, na watu wengi wanaolala chini katika hema na vibanda. Hayo yote ni neema kwa panya. Mwaka 1994, miaka miwili baada ya Mkataba wa Amani wa Roma kukomesha vita vya Msumbiji, tauni ilizuka katika wilaya ya Mutarara, mkoa wa Tete. Mwaka huohuo ilizuka pia katika wilaya ya Nkayi, magharibi ya Zimbabwe, ikaendelea mpaka mwanzoni mwa mwaka 1995. Mwaka 2002 ikawa zamu ya wilaya ya Nsanje, kusini ya Malawi, ambayo inapakana na Mutarara. Panya havuki mpaka kwa hati ya kusafiria, wala kiroboto hapiti kwa afisa wa forodha.

Panya shamba si mnyama wa kudharauliwa. Jike lake lina chuchu nyingi kuliko panya wengine, ambazo zinaweza kufika 24, na jina lake la kitaalamu, Mastomys, linatokana na chuchu hizo. Hubeba mimba kwa muda wa siku 23 hivi, na kuzaa kwa mara moja watoto kumi au zaidi. Mvua zikiwa nzuri na chakula kikiwa kingi, idadi yao katika hekta moja inaweza kupanda kutoka makumi hadi mamia katika muda wa miezi michache. Nchini Tanzania panya hao wamekadiriwa kuharibu kwa wastani kama asilimia 15 ya mahindi kwa mwaka. Hufukua mbegu mara tu baada ya kupandwa, hurudi tena wakati wa mavuno, na huufuata mzigo mpaka ghalani.

Aliyeandika kwa mara ya kwanza sifa za panya huyu kwa njia ya kisayansi alikuwa mwanajeshi. Andrew Smith, Mskoti na daktari wa jeshi la Uingereza, alitumikia katika Rasi ya Tumaini Jema katika miaka ya 1820 na 1830. Pamoja na kutibu askari, alikusanya wanyama na kuwaandika. Mwaka 1834 alimpa jina panya wa pwani ya Port Natal, mahali ambapo leo ni mji wa Durban, akamwita natalensis. Mwaka 1836, kutokana na safari yake ya bara, akamwandika panya mwingine anayefanana naye, akamwita coucha. Daktari huyo baadaye alipanda cheo hadi kuwa mkuu wa idara ya tiba ya jeshi la Uingereza, wadhifa aliokuwa nao wakati wa vita vya Crimea.

Waliokuja baada ya Smith walipotazama ngozi na mifupa hawakuona tofauti ya kutosha baina ya panya hao wawili. Kwa hiyo waliwaunganisha chini ya jina moja la natalensis, na wengine wengi pia wakaingizwa humohumo, kutoka Afrika Magharibi hadi Rasi. Kwa muda mrefu katika karne ya 20, kila taarifa ya tauni, ya uharibifu wa mazao au ya maabara iliandikwa kwa jina hilo moja.

Mabadiliko yalikuja katika miaka ya 1970. Watafiti katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe na katika Afrika Kusini walichunguza kromosomu, yaani vile vijiti vidogo mno vilivyomo ndani ya chembe hai, vinavyobeba urithi wa mnyama. Walikuta kwamba baadhi ya panya shamba wana kromosomu 32, na wengine wana 36. Hemoglobini, ambayo ndiyo inayoipa damu rangi yake nyekundu, nayo ilipochunguzwa maabara ilionyesha mgawanyiko uleule. Tena, mahali ambapo makundi hayo mawili yanaishi pamoja katika shamba moja, hayazaliani. Hivyo jina la coucha likafufuliwa: mwenye kromosomu 32 ndiye Mastomys natalensis, na mwenye 36 ndiye Mastomys coucha. Huyu wa pili ni mwenyeji wa nyanda za ndani za Afrika Kusini na sehemu za Zimbabwe. Yule wa kwanza ameenea katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara, Tanzania ikiwa ni pamoja.

Uzito wa ugunduzi huo ulionekana wazi mwaka 1983, zilipochapishwa habari za majaribio yaliyofanywa maabara Afrika Kusini. Panya wa aina zote mbili waliambukizwa tauni. Natalensis kwa jumla aliustahimili ugonjwa, lakini coucha alidhurika upesi na kufa. Watafiti walipolinganisha ramani ya mahali anapoishi coucha na ramani ya mahali ambapo binadamu walikuwa wameugua tauni kusini mwa Afrika, waliona kwamba ramani hizo zinakaribiana sana. Maana yake ni rahisi kufahamika. Panya anayekufa kwa tauni ndiye anayewaachia huru viroboto wenye njaa, na hivyo ndiye daraja la kuufikisha ugonjwa kwa mwanadamu.

Tangu hapo, ofisa wa afya anayeletewa mfuko wa panya kutoka kijiji au kambi hana budi kujua ni aina gani iliyomo mfukoni. Lakini hapo ndipo ugumu ulipo. Kuhesabu kromosomu kunahitaji panya aliye hai au aliyekufa muda huohuo, pamoja na maabara yenye vifaa. Kuchunguza hemoglobini kunahitaji damu. Panya aliyekauka mtegoni hana damu ya kupimwa. Maelfu ya vielelezo vilivyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho ni ngozi na mifupa mitupu. Hata bundi, ambaye ni mwindaji hodari wa panya, hutapika madonge ya manyoya na mifupa ambayo wataalamu huyakusanya chini ya miti na mapaa ili kujua panya waliopo katika eneo. Ndani ya madonge hayo kinachobaki chenye kutambulika ni fuvu na mataya. Kwa hiyo ilibidi fuvu lenyewe lihojiwe.

Fuvu la panya shamba ni dogo, lina urefu wa sentimita mbili au tatu tu, lakini lina mambo mengi ya kusema. Mbele lina meno manne ya kugugunia, mawili juu na mawili chini, ambayo hayaachi kukua maisha yote ya mnyama na hunolewa kwa kusuguana. Nyuma yake pana pengo, kisha yanafuata magego, matatu kila upande juu na matatu kila upande chini. Jumla ni meno 16. Mtaalamu hulipima fuvu kwa kalipa, akisoma sehemu ndogo za milimita: urefu kutoka ncha ya pua hadi kisogoni, upana wa mifupa ya mashavu, urefu wa safu ya magego, upana wa sanduku la ubongo, na kadhalika. Kisha tarakimu za mafuvu mengi hulinganishwa kwa hesabu.

Kikwazo cha kwanza ni umri. Fuvu la panya mchanga si fuvu la panya mzima lililopunguzwa ukubwa, kwa kuwa umbo lake ni lingine. Ubongo hukua mapema, kwa hiyo sanduku lake katika mtoto ni kubwa na la mviringo, wakati pua bado ni fupi. Kadiri siku zinavyokwenda, sanduku la ubongo hukaribia kusimama, lakini pua huendelea kurefuka, mashavu hutanuka, na mahali inaposhikana misuli ya kutafuna huota kingo. Maungio ya mifupa, ambayo kwa mtoto yako wazi, hukazana na mengine hufungika kabisa. Mtu asiyejua mwendo huo anaweza kuweka mezani fuvu la mtoto na fuvu la baba yake, akaapa kwamba hao ni wanyama wa aina mbili.

Umri huo hujulikanaje, ikiwa panya hana cheti cha kuzaliwa? Dalili inayotumiwa zaidi ni magego. Kinyume cha meno ya mbele, magego ya panya hayaendelei kukua wala hayabadilishwi. Yakishaota, yaliyopo ndiyo hayohayo mpaka kufa. Panya aliye mdogo kabisa gego lake la tatu halijatoka sawasawa. Anayefuata ana magego yote matatu yenye vilima vikali. Kisha vilima huanza kulika, ndani ya jino huonekana mistari, mistari huungana, na katika panya mkongwe uso wa jino huwa tambarare kama sahani. Kwa kutazama hatua hizo, mafuvu hupangwa katika madaraja, kama vile kuruta, askari na mzee wa kikosi.

Hata hivyo, daraja la meno si tarehe. Mfano wake ni soli ya buti. Askari wawili waliopewa buti siku moja hawatakuwa na soli zilizolika sawa baada ya miezi sita, ikiwa mmoja alipiga doria juu ya mawe na mwenzake kwenye mchanga. Vivyo hivyo panya anayekula vitu vigumu vyenye vumbi hulika magego upesi kuliko anayekula mbegu laini. Ndiyo sababu watafiti wa panya shamba walioendesha kazi zao Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji, walitumia pia lenzi ya jicho. Lenzi huongezeka uzito maisha yote ya mnyama. Huhifadhiwa katika dawa, hukaushwa, kisha hupimwa kwa mizani nyepesi sana, na uzito wake hutoa makisio ya umri yaliyo bora kuliko uzito wa mwili.

Kazi hiyo ya Morogoro ilionyesha jambo ambalo kila mtunza ghala angefaa kulijua. Panya wa umri mmoja wanaweza kuwa na miili isiyolingana kabisa, kulingana na mvua. Kwa kawaida watoto wanaozaliwa baada ya masika hukua mpaka kiasi fulani, kisha husimama, wakisubiri mvua za mwaka unaofuata ndipo wapevuke na kuzaa. Lakini mvua za vuli zikiwa nyingi, hupevuka mapema, huzaa mapema, na watoto wao nao huwahi kuzaa. Huo ndio mwanzo wa miaka ya panya wengi. Kwa hiyo mwenye kukisia umri wa panya kwa ukubwa wa mwili peke yake anaweza kumwita mtoto mnyama ambaye ana miezi kadhaa, na akashindwa kutambua kwamba jeshi la panya linasubiri amri ya mvua tu.

Kikwazo cha pili ni jinsia. Kuna wanyama ambao dume na jike hutofautiana sana kwa fuvu. Mfano mzuri unatoka katika Rasi ya Afrika Kusini, ambako anaishi fuko mkubwa wa mchangani, aitwaye kwa utaalamu Bathyergus suillus. Fuko huyo huishi peke yake ndani ya mahandaki yake, na madume hupigania majike. Mafuvu ya madume wazima ni makubwa na mazito kuliko ya majike, na tofauti hiyo huonekana zaidi kadiri wanavyokua. Mtu akichanganya mafuvu hayo bila kuuliza jinsia, atapata kundi lenye ukubwa wa kila namna na hataweza kusema lolote la hakika.

Panya wengi wa mashambani kusini mwa Afrika hawako hivyo. Mwaka 1994 wataalamu Chimimba na Dippenaar walichapisha uchunguzi wao juu ya panya wa jamii ya Aethomys, ambao ni majirani wa panya shamba katika vichaka na miamba ya eneo hilo. Waliwagawa panya katika madaraja saba ya kulika kwa magego, wakapima mafuvu ya madume na majike. Walikuta kwamba dume na jike hawatofautiani kwa fuvu kiasi cha kuhitaji kutengwa, lakini umri unatenganisha wazi wachanga na wazima. Walio wachanga hawana budi kuwekwa kando. Wazima wa madaraja yanayofuatana wanaweza kuwekwa pamoja, madume kwa majike, na kulinganishwa na wazima wa mahali pengine.

Utaratibu huo ndio msingi wa kazi yote. Kwanza pima umri, pili uliza jinsia, na tatu ndipo ulinganishe aina na aina. Atakayeanza na la tatu atapotea, kwa sababu tofauti iliyopo baina ya natalensis mzima na coucha mzima ni ndogo kuliko tofauti iliyopo baina ya mtoto na mkongwe wa aina moja. Mwaka 1993 Dippenaar na wenzake walionyesha kwamba, utaratibu ukifuatwa, aina hizo mbili zenye umuhimu katika tiba zinaweza kutambuliwa kwa vipimo vya fuvu. Hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Ni vipimo kadhaa vikiunganishwa kwa hesabu ndivyo vinavyotoa jibu. Kwa njia hiyo panya aliyekaa katika sanduku la makumbusho kwa miongo mingi anaweza kupewa jina lake la haki, na ramani ya hatari ikachorwa upya.

Askari polisi hawatauona utaratibu huo kuwa mgeni. Mabaki ya binadamu yanapopatikana porini, daktari wa uchunguzi naye hutazama meno na maungio ya mifupa ili kukisia umri, na hutazama matuta ya nyusi, taya na hasa nyonga ili kukisia jinsia. Ni baada ya hapo tu ndipo orodha ya watu waliopotea inapofunguliwa na kulinganishwa. Mpelelezi anayeruka hatua hizo, akashikilia jina kwa sababu mfupa umepatikana karibu na nyumba fulani, huweza kumtia hatiani asiyehusika na kumwacha mwenye kosa akitembea. Kwa panya na kwa binadamu, ushahidi wa mfupa una nguvu ukisomwa kwa mpango.

Msumbiji inatoa mfano mwingine, na huu ni wa heri. Nchi hiyo, ambayo ardhi yake ilijaa mabomu ya kutegwa ardhini kutokana na vita, ilitangazwa mwezi Septemba 2015 kuwa imesafishwa. Miongoni mwa waliosaidia kazi hiyo ni panya buku waliofunzwa Morogoro na shirika la APOPO kutambua harufu ya baruti. Kwa miaka mingi panya hao waliandikwa kwa jina la panya buku wa Gambia. Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi wa mafuvu na wa vinasaba vya panya buku kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, ukaonyesha kwamba waliokuwa wakihesabiwa kuwa aina chache ni aina nyingi zaidi. Panya buku wa Morogoro leo anaitwa Cricetomys ansorgei, wala si wa Gambia. Kubadilika kwa jina hakukumpunguzia pua yake. Kumewasaidia wanaomtunza na kumzalisha kujua kwamba haifai kumchanganya ovyo na ndugu zake wa mbali.

Ni lazima hapa itolewe tahadhari. Habari ya kwamba natalensis anastahimili tauni isimfanye mtu yeyote wa Afrika Mashariki alale usingizi. Tauni ilizuka Lushoto mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka ishirini, ikiwapata maelfu ya watu, ingawa coucha hayupo huko. Panya anayestahimili ugonjwa anaweza kuendelea kuwabeba viroboto kutoka kichakani hadi karibu na nyumba, na huko wakawakuta panya wengine ambao hawastahimili. Tena, natalensis huyohuyo ndiye mwenye kubeba virusi vya homa ya Lassa katika Afrika Magharibi, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1969 Nigeria. Katika Msumbiji na Tanzania amekutwa na virusi vya ukoo huo, kama vile Mopeia na Morogoro, ambavyo havijajulikana kumdhuru binadamu. Wapiganaji wanaopelekwa katika kazi ya kulinda amani mbali na nyumbani wakumbuke kwamba panya anayefanana na wa kwao huenda amebeba mzigo mwingine kabisa.

Kutokana na hayo yote, kambi na kituo cha polisi vina mambo ya kutenda. La kwanza ni taarifa. Panya wakionekana kufa ovyo katika eneo, jambo hilo lipelekwe mara moja kwa mganga wa kikosi au ofisa wa afya wa wilaya, kwa sababu vifo vya panya hutangulia vifo vya watu. Mizoga isishikwe kwa mikono mitupu, wala isitupwe shimoni kabla wataalamu hawajachukua vielelezo. Kichwa cha panya ni ushahidi, na ushahidi ukiharibiwa, kesi hufa.

La pili ni mpangilio wa mapambano. Palipo na tauni, sumu ya panya isitangulizwe. Viroboto ndio wauawe kwanza kwa dawa katika mashimo, njia za panya na sakafu, kisha ndipo panya waangamizwe. Anayeanza na panya huwafukuza viroboto kutoka kwa mwenyeji wao na kuwaelekeza kwa askari waliolala. Hilo ni kosa la kivita, sawa na kubomoa ngome ya adui bila kufunga njia ya kutokea kuelekea vijijini.

La tatu ni kumnyima adui chakula na maficho. Nafaka iwekwe juu ya majukwaa, mbali na ukuta. Mabaki ya jikoni yafukiwe kila siku. Nyasi zifyekwe kuizunguka kambi, na mahandaki yasiyotumika yafukiwe. Inapowezekana askari walale juu ya vitanda. Mwenye homa na mitoki asiitwe mvivu wala asicheleweshwe kwa dawa za kubahatisha. Tauni ikitambuliwa mapema hutibika kwa viuavijasumu vinavyopatikana hospitalini, lakini kila saa inayopotea ni hasara.

Wahenga walisema, mdharau mwiba guu huota tende. Wapo watakaocheka wakisikia kwamba watu wazima wenye elimu hukaa mezani siku nzima wakipima kichwa cha panya kwa kalipa na kutazama magego yake kwa kioo cha kukuzia. Lakini kutokana na meza hizo za Afrika Kusini na Zimbabwe, na za Morogoro, nchi za eneo hili zimejua nani hasa anaishi katika mashamba yake, nani anakufa kwa tauni na nani anaibeba bila kuanguka, na ni mvua za namna gani zinazoashiria wingi wa panya. Huo ni upelelezi kamili. Kikosi kinachouthamini upelelezi huo, kikatunza vielelezo vyake na kutoa taarifa kwa wakati, kitakuwa kimelinda afya ya wapiganaji wake, ghala ya nchi, na raia wanaoishi kando ya uzio wa kambi.